Kwa nini wachawi wa hadithini huwa dada? Kutoka Charmed hadi mabinti watatu wa Salem

Msomahadithi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa,

Naomba tuijadili kwa utulivu mada iliyonikaa moyoni tangu nilipoitazama upya tamthilia ya Charmed, ile iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Oktoba 1998 na kumalizika Mei 2006 baada ya vipindi 178. Kwa wasioifahamu, ni kisa cha mabinti watatu wa ukoo wa Halliwell wanaoishi San Francisco katika nyumba waliyoachiwa na bibi yao. Prue, kifungua mimba, anasogeza vitu bila kuvigusa. Piper, wa katikati, anasimamisha wakati. Phoebe, ambaye ndiye mdogo wao, anaonyeshwa mambo yajayo. Kila mmoja ana kipaji chake, lakini adui mkubwa hashindwi mpaka wote watatu wasimame pamoja na kutamka maneno kwa sauti moja. Hiyo wanaiita Nguvu ya Watatu.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini uchawi wa namna hii hupewa ndugu wa damu, na hasa dada, badala ya marafiki, au wanafunzi wa mwalimu mmoja, au mume na mke? Hata wachawi watatu wa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, huitana dada, ingawa mtunzi hatuambii mama yao ni nani wala hampi yeyote kati yao jina. Inaonekana mtunzi akitaka wachawi wengi kwa pamoja, mkono wake huenda wenyewe kwenye udugu.

Jambo la pili ndilo linaloniumiza zaidi. Mwishoni mwa msimu wa tatu, mwaka 2001, Prue anauawa, kwa kuwa mwigizaji wake, Shannen Doherty, aliondoka kwenye tamthilia. Msimu uliofuata anatokea Paige, dada wa kuchangia mama, aliyezaliwa kwa siri, akatolewa akiwa mchanga na kulelewa na watu wengine. Mara tu anapoingia katika nyumba ile, Nguvu ya Watatu inarudi. Mimi ni kifungua mimba katika nyumba yenye mabinti watupu, na niliposhuhudia hayo nilijiuliza kama nafasi ya dada mkubwa, pamoja na miaka yote ya kulea, kukemea na kubeba lawama za wadogo, yaweza kujazwa na yeyote mwenye damu inayofaa. Je, tamthilia inasema kwamba nguvu ile imo katika damu, au imo katika kile ambacho ndugu wanatendeana? Naomba majibu kutoka kwa wenye kuifahamu, na pia kutoka kwa wenye kuzifahamu hadithi nyingine za aina hii.

Binti wa Pangani

Dada Msomahadithi, ahsante kwa swali lako. Nitajibu upande wa tamthilia peke yake, kwa sababu naamini jibu limo ndani yake kwa uwazi kuliko watu wanavyodhani.

Tukianza na kipindi cha kwanza kabisa, tunawakuta dada hawa wakiwa hawapatani. Prue na Phoebe wamekwisha gombana kuhusu Roger, aliyekuwa mchumba wa Prue, na Phoebe anaporudi kutoka New York, Piper hana hata ujasiri wa kumwambia dada yake mkubwa mapema kwamba mdogo wao anarejea nyumbani. Damu wanayo tangu kuzaliwa, na nguvu walikuwa nazo walipokuwa watoto wadogo, kabla bibi yao hajazifunga ili kuwalinda. Bibi anapofariki, Phoebe anapanda darini, anakikuta kitabu cha uchawi cha ukoo na kusoma maneno yanayozifungua. Hata hivyo, kuzifungua hakukutosha: walilazimika kujifunza kusimama pamoja, na misimu mitatu ya kwanza kwa kiasi kikubwa ni kisa cha Prue na Phoebe wanaorudi kuwa ndugu.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika kipindi kimoja cha msimu wa tatu, ambapo pepo anayechochea hasira anawafanya dada hawa watupiane maneno hadi wanatumia nguvu zao wao kwa wao. Papo hapo nguvu zinatoweka. Tazama jalada la kitabu chao: ile alama ya pete tatu zilizosukwa pamoja inaachana, kila kipande kinakwenda upande wake. Damu yao haikubadilika hata tone moja, wala hakuna aliyefariki. Kilichovunjika ni mapatano yao, na nguvu hazikurudi mpaka walipoombana radhi. Sijui ni namna gani mtunzi angeweza kusema waziwazi zaidi kwamba damu ni mlango tu.

Kuhusu Paige, naona tamthilia ilikuheshimu wewe kifungua mimba kuliko unavyohisi. Piper ndiye aliyetamka maneno ya kumwita dada aliyepotea, akikusudia Prue arudi, na aliyekuja ni Paige. Kwa hiyo kila anapomtazama mgeni huyu anaona ombi lake likiwa limejibiwa kwa namna asiyoitaka. Anakuwa baridi kwake, na uchungu anaoubana ndani unamfanya, muda mfupi baadaye, ageuke kuwa jini la hasira ambalo hata dada zake hawawezi kulituliza kwa uchawi. Anayempeleka mpaka kaburini kwa Prue na kumhimiza aseme kinachomuuma ni Paige. Hapo Piper anamlilia marehemu kwa hasira, akimuuliza kwa nini alimwacha, na ndipo anaporudi kuwa yeye. Paige hakupewa nafasi ya Prue, kwani nafasi ile ya mkubwa inakwenda kwa Piper, tena kwa maumivu makubwa. Yeye alipewa nafasi ya mdogo, na alianza kuistahili siku aliyomsaidia Piper kumwombolezea dada ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuishi naye.

Mkaazi wa Ngamiani

Mimi ni wa katikati, na namshukuru Binti wa Pangani kwa kumtaja Piper. Watu humsifu Prue kwa ushujaa na Phoebe kwa moyo wake, lakini aliyebaki nyumbani, akapika, akasuluhisha, kisha akarithi ukubwa bila kuuomba, ni yule wa katikati. Naomba mwenye kujua historia atueleze kama kesi za wachawi za Salem, mji wa Marekani unaotajwa katika tamthilia, zina ukweli wowote.

Mwalimu wa Historia

Ndugu zangu, nitajaribu kumjibu Mkaazi wa Ngamiani, na naamini jibu lake litagusa swali la kwanza la Msomahadithi.

Katika tamthilia, ukoo wa Halliwell unatokana na bibi aitwaye Melinda Warren, anayesemwa kuwa alichomwa moto Salem katika karne ya 17. Katika historia hakuna aliyechomwa moto Salem. Chini ya sheria ya Kiingereza iliyofuatwa katika koloni la Massachusetts, adhabu ya uchawi ilikuwa kunyongwa. Mwaka 1692 walinyongwa watu 19, wanawake 14 na wanaume 5, na mzee mmoja, Giles Corey, alikufa kwa kukandamizwa na mawe kwa kuwa alikataa kuikubali mahakama. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo dada watatu wa tumbo moja. Sijui kama watunzi wa Charmed waliwafikiria, lakini tangu nilipowasoma siwezi tena kutazama hadithi ya wachawi watatu bila kuwakumbuka.

Walikuwa mabinti wa William na Joanna Towne. Mkubwa, Rebecca Nurse, alikuwa na umri wa miaka 71, mgonjwa, mwenye masikio mazito, na muumini aliyeheshimiwa. Mary Easty alimfuata, na Sarah Cloyce alikuwa mdogo wao. Rebecca alikamatwa mwezi Machi. Jumapili moja baada ya hapo mchungaji Samuel Parris alihubiri juu ya maneno ya Yesu katika Yohana 6:70, kwamba aliwachagua wale kumi na wawili na mmoja wao ni shetani. Kila aliyekuwamo alielewa ni nani aliyekuwa akilengwa. Sarah aliinuka, akatoka nje, na mlango ukajifunga kwa kishindo nyuma yake. Siku chache baadaye naye alikuwa mshtakiwa, na kabla ya mwezi kwisha Mary pia akakamatwa.

Rebecca alitetewa na majirani 39 waliotia sahihi zao kwenye waraka wa kumshuhudia wema. Baraza la wazee lilimwona kwanza kuwa hana hatia, lakini waliomshtaki walipiga kelele, na hakimu akawataka wazee wayafikirie upya maneno fulani aliyoyasema kuhusu mfungwa mwenzake. Walipomuuliza alikusudia nini, hakujibu, na baadaye alieleza kwamba hakuwa amesikia swali. Alinyongwa tarehe 19 Julai.

Sasa nafikia jambo linalohusu mada yetu. Katika kesi ile, udugu wenyewe uligeuzwa kuwa ushahidi. Mama yao, Joanna, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, aliwahi kuvumishiwa uchawi, na uvumi huo ulifufuliwa mahakamani: jirani mmoja, John Putnam, aliapa kwamba baada ya kusimulia alichokisikia kuhusu mama wa wanawake hao watatu, yeye alishikwa na mafadhaiko ya ajabu na mtoto wake mchanga akafa. Watu wa zama zile waliamini kwamba uchawi hutembea katika damu kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kwa hiyo kumkuta mmoja na hatia kulimaanisha kuwakuta wote, na dada aliyemtetea dada yake alikuwa amejitangaza.

Ndiyo maana naona hadithi za kisasa za wachawi ndugu zimeligeuza neno la waendesha mashtaka. Mahakama ilisema kwamba wanawake hawa ni hatari kwa sababu ni dada. Tamthilia inasema vilevile kwamba wana nguvu kwa sababu ni dada, lakini inasimama upande wao. Kitabu kinachorithiwa, kipaji kinachotoka kwa bibi, na nguvu inayokamilika pale tu wanapokuwa watatu, vyote ni tuhuma za kale zilizogeuzwa kuwa sifa.

Mtoto wa Mwisho

Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma kwa makini, na nakubali kuhusu Salem, lakini nina pingamizi ambalo naomba lisichukuliwe kama utovu wa adabu. Tunazungumza kama kwamba udugu daima ni ngao. Katika hadithi nyingi za kale mchawi yuko nje, na ndugu wako ndani wakipambana naye. Gretel, katika hadithi ya Kijerumani ya Hansel na Gretel, anamsukuma kizee mchawi ndani ya tanuri ili kaka yake asiliwe, wala hahitaji uchawi wowote kufanya hivyo. Hans Christian Andersen, katika hadithi aliyoichapisha mwaka 1838, anatupa Elisa, ambaye kaka zake 11 wamegeuzwa kuwa mabata maji. Ili awaokoe lazima afume mashati kwa nyuzi za upupu, mwingine akiuchuma makaburini usiku, na asitamke neno hata moja mpaka amalize, vinginevyo kaka zake watakufa. Vidole vyake vinavimba malengelenge. Watu wanapomwona makaburini wanasema ni mchawi, na hawezi kujitetea, kwa kuwa neno lolote la kujitetea litawaua anaowapenda. Anapelekwa kuchomwa moto akiwa bado anafuma ndani ya mkokoteni. Shati la mwisho linapungukiwa na mkono mmoja, na kaka mdogo anabaki na bawa badala ya mkono.

Bibi yangu alitusimulia kisa kinachofanana na hicho, na nadhani wengi hapa mmekisikia kwa namna moja au nyingine: msichana anawakataa wachumba wote wa kijijini, anaolewa na mgeni mzuri ambaye kumbe ni zimwi, na anayemfuata ni mdogo wake mwenye upele, yule aliyekuwa akimfukuza njiani kwa kumwonea aibu. Mdogo huyo ndiye asiyelala usiku, ndiye anayesikia zimwi likinoa kisu, na ndiye mwenye maarifa ya kumtoa dada yake huko. Uwezo umewekwa kwa ndugu anayedharauliwa, tofauti kabisa na dada watatu wazuri wanaoishi pamoja katika nyumba kubwa.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Nimekulia Usukumani, ambako vikongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi. Mara nyingi tuhuma hutoka ndani ya ukoo wenyewe, na nyuma yake huwapo shamba la urithi. Hapo ndugu si ngao. Ndugu ndiye anayetaja jina. Kwa hiyo namuuliza Mwalimu: hivi Salem ndugu hawakusalitiana?

Mwalimu wa Historia

Marahaba, mwanangu. Pingamizi lako ni la haki na halina utovu wowote wa adabu.

Walisalitiana, tena kwa namna ya kusikitisha. Dorothy Good, mtoto wa miaka minne hivi, alitumiwa dhidi ya mama yake, Sarah Good, na mama huyo akanyongwa siku moja na Rebecca. Vijana wawili wa Martha Carrier walifungwa shingo na visigino pamoja mpaka wakakiri, na mama yao alinyongwa mwezi Agosti. Margaret Jacobs alimtaja babu yake, kisha akayafuta maneno yake akijua kwamba kuyafuta kungeweza kumgharimu maisha.

Yafaa kuelewa jinsi jambo hilo lilivyofanya kazi. Waliokiri mwaka ule na kushikilia kukiri kwao hawakunyongwa. Walionyongwa walikuwa wale waliosisitiza kwamba hawana hatia. Lakini kukiri hakukuwa kusema tu kwamba mimi ni mchawi. Mahakama ilitaka majina: ulikuwa pamoja na nani, nani alikuleta, uliwaona akina nani kwenye mkutano. Mabinti wa Towne walikuwa na njia iliyo wazi ya kuokoa maisha yao, na njia hiyo ilipita juu ya dada zao. Hakuna kati yao aliyeifuata. Mary aliachiliwa tarehe 18 Mei, akakamatwa tena siku mbili hivi baadaye, na hata hapo hakumtaja mtu.

Mwezi Septemba, Rebecca akiwa amekwisha kufa, Mary na Sarah waliandika ombi moja kwa pamoja kwenda mahakamani. Walisema kwamba hawana uwezo wa kujitetea wala hawaruhusiwi wakili, kwa hiyo waliwaomba mahakimu wenyewe wawe washauri wao. Waliomba mashahidi wanaoujua mwenendo wao waitwe, akiwamo mchungaji wa Topsfield, mji wa jirani. Na waliomba wasihukumiwe kwa maneno ya wanaodai kulogwa na ya waliokiri uchawi peke yake, bila ushahidi mwingine wa kisheria. Ukiliweka ombi hilo mkononi unaona dada wawili wakizungumza kwa sauti moja, bila apizo lolote, wakijenga hoja ya kisheria ambayo mahakama ile ingepaswa kuisikiliza. Mary alinyongwa tarehe 22 Septemba. Kabla ya hapo aliandika ombi lake mwenyewe, akieleza kwamba haombei uhai wake, kwani anajua lazima afe, bali anaomba damu isiyo na hatia isiendelee kumwagwa, na akapendekeza wale wanaodai kulogwa watenganishwe kwa muda na kuhojiwa kwa makini. Sarah alibaki gerezani mpaka Januari 1693, wakati mashtaka dhidi yake yalipotupwa, na ni yeye peke yake aliyeokoka.

Msomahadithi (mwanzisha mada)

Mwalimu, Binti wa Pangani, na wewe Mtoto wa Mwisho, nawashukuru sana. Nimelirudia jibu la Binti wa Pangani kuhusu kaburi la Prue baada ya kusoma habari za Sarah, na sasa naona kwamba swali langu kuhusu nafasi iliyojazwa lilimhusu Piper zaidi ya Paige, yaani linamhusu yule anayebaki. Ningependa kujua kama waliomshtaki Rebecca waliwahi kukiri walichokifanya, na kama maombi hayo ya Mary na Sarah yanaweza kusomwa na mtu wa kawaida.

Mwalimu wa Historia

Mmoja alikiri. Ann Putnam, binti aliyekuwa na umri wa miaka 12 wakati wa kesi, alisimama kanisani mwaka 1706 huku mchungaji akisoma maungamo yake, na katika maungamo hayo aliyemtaja kwa jina ni Rebecca Nurse, pamoja na dada zake wawili. Miaka 14 baada ya kesi, bado alikuwa akiwahesabu kama watatu. Mwaka 1712 kanisa liliifuta hukumu ya kumtenga Rebecca, na nyumba yake ingali imesimama Danvers, eneo ambalo zamani liliitwa Kijiji cha Salem.

Maombi hayo yamehifadhiwa, na Chuo Kikuu cha Virginia kimeyaweka kwenye intaneti pamoja na kumbukumbu nyingine za kesi zile. Anza na lile la Mary peke yake, kwa sababu ni fupi na lugha yake ni nyoofu, kisha usome lile la pamoja. Kiingereza chake ni cha karne ya 17 na tahajia yake inayumba, kwa hiyo usomaji wa kwanza utakuwa wa polepole. Kama Binti wa Pangani yuko tayari, mimi na yeye tunaweza kuyatafsiri kwa Kiswahili na kuyaweka hapa chini ya mada hii hii.

Binti wa Pangani

Niko tayari, Mwalimu. Mimi nitaanza na lile la dada wawili.